Alama ya Chaki

Pampu ya maji, ukiitazama sana, ni tundu lililovikwa chuma. Watu wanasifu chuma. Tundu hawaliulizi limeingiaje humo ndani, kana kwamba lilijizaa lenyewe. Halikujizaa. Kuna mtu alilifinyanga kwanza kwa mchanga, na katika kiwanda hiki ninachokisimulia mtu huyo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali, aliyeitwa Bi Kengele.

Ngoja nieleze kidogo, nisije nikawapoteza mbele ya safari. Ukitaka kusubu kitu chenye uwazi ndani, unatengeneza kalibu ya mchanga yenye umbo la nje, halafu ndani yake unalaza kipande kingine cha mchanga chenye umbo la ule uwazi. Hicho ndicho kiini. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa, kinakizunguka kiini, kinaganda. Kisha kiini kinavunjwavunjwa kwa nondo, kinafagiliwa, kinatupwa. Bi Kengele alipenda kusema kwamba kiwanda kizima yeye peke yake ndiye anayelipwa kutengeneza kitu ili kivunjwe, na akilisema hilo alicheka hadi wamiminaji kule upande wa tanuru la chuma wakageuza shingo.

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida tu. Masanduku ya mbao ya vipande viwili, yamechongwa ndani, yanafungwa kwa vibano. Mchanga uliokandwa na mafuta na molasi. Nyaya za kukipa kiini mifupa. Sindano ya kufumia, ya kutoboa njia za kupumulia. Akishindilia, akitoboa, alifungua sanduku taratibu kama anayemvua mtoto aliyelala nguo, kisha kiini kinaingia kwenye oveni kuokwa. Kikitoka, anakigonga kwa ukucha na kutega sikio. Kiini kilichoiva kinalia, ting, kama kikombe kizuri. Kibichi kinajibu du, basi. Ndiyo maana wakamwita Kengele.

Na ugongaji ule haukuwa mchezo. Kiini kibichi kina maji moyoni. Chuma kikiyagusa, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na unatokea palepale aliposimama mtu na ndoo ya chuma cha moto. Hapo hakuna cha samahani wala cha bahati mbaya.

Kwa hiyo kulikuwa na desturi. Kiini kikishalia, Bi Kengele alikichora mstari mmoja wa chaki ubavuni. Kikishapata chaki, hakuna mtu mwingine wa kukigonga. Atakayekigonga amemwita mwongo mbele ya watu. Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyethubutu, na yeye alijivunia mstari ule kuliko wengine wanavyojivunia nyumba.

Sasa, mmiminaji mkuu alikuwa nani? Mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki mtoto angali ananyonya, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kidogo alichoweza, kisha akamwombea kazi hapohapo kiwandani. Yeye mwenyewe aliolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na huyo. Nyumbani alimwita Kitinda, na kiwanda kizima nacho kikamwita Kitinda, ijapokuwa alishakuwa jibaba la mabega mapana, lina mke. Waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, dada chumba cha mbele, mume na mke cha nyuma.

Basi mwenye kiwanda akanunua mashine.

Ilikuwa mashine ya kupulizia mchanga, kwa ajili ya viini vidogo. Mataya mawili ya chuma yanafumba, hewa inausukuma mchanga ndani kwa kishindo, pwaa, kisha inabaki ikifoka kupitia vitundu, shshshsh, hadi mataya yafunguke na kiini kitoke kimekauka tayari. Nani mwingine angepewa kuiendesha? Fundi wao ni mmoja. Asubuhi mashine, mchana masanduku ya mbao na viini vikubwa. Wakaiweka kwenye kona, kati ya kuta mbili tupu, kichwa cha Bi Kengele kikawa sawasawa na pua ya hewa. Aliahidiwa vifaa vya kuziba masikio. Aliambiwa vinakuja. Labda mpaka leo viko njiani.

Masikio hayakufa kwa siku moja. Kwanza yalikuwa yanavuma tu akilala. Kisha birika likawa linachemka bila yeye kuitwa. Kisha watu wakaanza kuwa na tabia mbaya ya kunong'ona, au ndivyo alivyodhani. Siku moja aligonga kiini kikubwa, kikakaa kimya. Akakikasirikia, akakivunja vipande viwili aone ubichi wake. Kikavu mpaka moyoni, jamani! Akagonga kingine. Kimya. Akakivunja. Kikavu. Alisimama pale na vumbi mikononi, akaelewa kwamba viini vinalia kama siku zote, ila yeye ndiye haambiwi tena.

Angesema? Ni rahisi mimi na wewe kusema angesema. Mwenye viini asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Wangempa ufagio, au wangemwonyesha geti, akamwage unga katika umri ule. Tena si njaa tu. Ilikuwa aibu. Mstari wa chaki ndio uliokuwa yeye mwenyewe. Akaogopa, akajikaza kisabuni, akaanza kutazama midomo ya watu. Na kwa kuwa haongei ila kwa sauti kubwa, waliomzunguka wakasema huyu kiburi kinazidi.

Kilichomwokoa ni ajali ndogo. Siku hiyo alikuwa amebana kiini kwa kidevu ili afungue mlango wa oveni, komeo likagonga kiini, na taya lake likatetemeka. Hakusikia kwa sikio, alisikia kwa mfupa. Akakibeba mpaka stoo, akakigusisha kwenye meno ya mbele, akagonga. Kikamwimbia kichwani kama zamani. Akachukua kibichi, akafanya vilevile: hakuna kitu, jiwe. Alilia mle stoo kwa furaha, mtu mzima, molasi zimempaka mdomoni.

Tangu siku hiyo kila kiini kilipita menoni kabla ya chaki. Wenzake wakamcheka, wakasema Bi Kengele sasa anakula mchanga. Akawajibu kwamba ni mtamu kuliko vyakula vya wake zao.

Aliyemgundua alikuwa wifi yake. Bi Kengele alikaa jikoni akimenya vitunguu, amempa mgongo. Wifi akasema sufuria inaungua. Akasema tena. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Wifi, nyumba inaungua moto." Kisu kikaendelea na vitunguu. Wifi, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa, akazunguka mbele, akaketi.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usijitie hamnazo. Tangu lini husikii?"

Bi Kengele akaweka kisu chini.

"Kaka yangu hajui," akasema. Alipokuwa na hofu alimwita kaka, kwa heshima.

"Lazima ajue."

"Ajue nini? Kwamba nazeeka?"

"Wifi, mimi sikuchukii, wewe mwenyewe unajua. Lakini ukikosea wewe, anayeungua ni mume wangu."

"Mume wako nilimbeba mgongoni kabla wewe hujajua kutembea!"

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Bi Kengele akamweleza habari ya meno. Akaenda hata kuleta kijiko na bilauri, akagonga bilauri ikiwa menoni, macho yamemtoka, aonyeshe. "Sijapitisha kibichi hata kimoja, na sitapitisha. Kabla sijamdhuru yule, mimi nitakunywa hicho chuma. Nikikosea, sema. Mpaka hapo, nifichie."

Wifi akampokea bilauri. "Haya," akasema. Bi Kengele aliisoma ile haya mdomoni mwake, akaipokea kama kiapo.

Mambo yakaenda. Kitu pekee kilichomkera ni oveni. Pembe ya chini, upande wa kulia, kichomeo kilikuwa kimeziba, na kiini kilicholala pembe hiyo kilitoka kimeiva nje, ndani uji. Alimwambia msimamizi wa kiwanda, mtu mnene mwenye haraka zake, naye akajibu wiki ijayo. Alijibu hivyo kila alipoulizwa. Basi Bi Kengele akawa anavipima vya pembe ile kwa uangalifu zaidi, na vingi alivirudisha motoni.

Siku moja alitoka chumba cha viini kwenda kunywa maji, akamwona Kitinda amechuchumaa juu ya kalibu iliyo wazi. Kiini mkononi kina chaki yake, iliyochorwa muda si mrefu. Kitinda akakigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, kisha akakilaza mahali pake. Akachukua cha pili. Akakigonga.

Damu ilimpanda Bi Kengele.

"Unafanya nini wewe?"

Kitinda akaruka. "Nakiweka sawa tu, Dada."

"Unakigonga!"

"Kidole kimeteleza."

"Kimeteleza mara mbili?" Na sauti yake, ambayo yeye mwenyewe haisikii, ilijaza kiwanda mpaka waliokuwa wakikoleza makaa ya tanuru wakasimama. "Nani aliyenifundisha kazi hii, wewe? Wewe niliyekupangusa makamasi? Hebu tazama. Kina chaki au hakina?"

"Kina."

"Chaki ya nani?"

"Yako, Dada."

"Basi ukinigongea tena kiini, katafute dada mwingine!"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza, "Kitinda, omba radhi kabla hujachapwa!" Kitinda akacheka nao, maana angefanya nini, kisha akapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Nisamehe, Dada." Alisema akiwa amemwelekea vizuri, polepole, midomo ikionekana. Yeye hakujiuliza kwa nini.

Jioni walikula pamoja. Wifi alitazama huyu, akatazama yule, akatoa vyombo. Tangu siku ile Kitinda hakugonga tena. Ndivyo alivyolelewa, dada akikataza, limekatazwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ingawa sipendi.

Msimamizi alikuja asubuhi na shati jipya. Wageni wanakuja, wanunuzi wa pampu kubwa, watatazama kazi kuanzia mchanga mpaka chuma. Akamshika Bi Kengele bega na kumwambia usoni, "Mama, leo nakuomba. Usile viini mbele ya wageni. Gonga kwa ukucha kama zamani, watapenda. Ile ya kutia mdomoni ni aibu, watasema tunafanya uchawi."

"Nisipotia mdomoni sipimi vizuri."

"Mambo ya dakika chache tu hayo, Bi Kengele! Umefanya kazi hii miaka yote, macho yako yenyewe yanajua."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angeweza kusema, bosi, mimi sisikii. Maneno matatu. Badala yake akaenda kutafuta chaki.

Wageni wakaingia, viatu safi, wamejifunika pua. Mashine ikapiga pwaa yake, wakashtuka na kucheka. Kisha oveni ikafunguliwa. Bi Kengele akatoa viini vya pampu kubwa kimoja kimoja, akaviweka mezani, akavigonga kwa ukucha huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Loo, aliinamisha vizuri! Mgeni mmoja akainua simu ampige picha. Gonga, inamisha, chaki. Gonga, inamisha, chaki. Kila kimoja kilikuwa kimya mbele yake kama ukuta, lakini vya juu alikuwa na hakika navyo, oveni pale juu haijawahi kumsaliti.

Cha mwisho kilitoka pembe ya chini kulia. Alipokinyanyua, mkono ukamwambia kizito. Si sana. Uzito wa kijiko cha maji, pengine. Alikuwa anajua la kufanya, hata angeamshwa usingizini angelijua: rudisha ndani. Lakini simu ilikuwa imeinuliwa, msimamizi anatabasamu, wageni wamenyoosha shingo, na kukirudisha ni kuulizwa umejuaje, na kuulizwa umejuaje ni kugonga tena mbele yao na kutojua. Akakigonga kwa ukucha. Akainamisha kichwa. Akatabasamu na yeye. Akachora chaki.

Kitinda alikuja na ubao wa kubebea. Alipofikia kile cha mwisho akakishika, akakipima mkononi. Akainua macho.

"Dada, hiki kiko sawa?"

Alimsoma barabara, kila herufi.

"Huoni chaki?" akasema.

Kitinda akakiweka kwenye ubao, akaondoka.

Wageni wakafuata kuona umiminaji. Bi Kengele akabaki, akageukia pipa la mchanga, akatia mikono mpaka viwiko. Alijiambia atakwenda. Akitulia kidogo atakwenda, atasema kile cha mwisho kitolewe, hata kama ni aibu. Alikuwa anakanda mchanga ambao hauhitaji kukandwa. Mara sakafu ikampiga nyayo. Ndivyo ilivyomfikia, kwa miguu. Akageuka akaona wageni wanampita mbio, vinywa wazi, na hakuna sauti inayotoka vinywani mwao. Nyuma yao nuru nyeupe ilikuwa inapanda mpaka paani na kushuka kwa matone.

Kitinda alikuwa ameshika mpini wa ndoo. Hakuuachia. Angeuachia, chuma chote kingewamwagikia waliokuwa upande wa pili. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linasaidia kitu.

Hospitalini walimzungushia bendeji kichwa kizima. Pua ilikuwa na mrija, na mahali pa mdomo walikuwa wamemwachia upenyo mwembamba tu, umefunikwa kitambaa chembamba cha dawa. Bi Kengele alimkuta wifi yake kwenye kibaraza, amekaa, mikono juu ya tumbo. Wifi hakusimama. Alimngoja afike mbele, akainua uso aweze kusomeka.

"Alikuwa anakugongea," akasema.

"Nini?"

"Mimi nilimwambia. Usiku uleule wa vitunguu nilimwambia. Akasema nisikuoneshe kwamba anajua, utaumia. Akasema atakuwa anavigonga yeye, kimyakimya, kabla ya kuvilaza. Kila kiini, wifi. Miezi yote ile." Aliitamka kila silabi, hakumpunguzia hata moja. "Mpaka ulipomkataza."

Bi Kengele alikumbuka kidole kilichoteleza. Alikumbuka nisamehe iliyosemwa polepole. Na wale alioamini wanacheka pamoja naye, siku ile, walikuwa wanamcheka mtu pekee aliyekuwa anamlinda.

Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Chini ya kitambaa kile upenyo ulikuwa unacheza. Kitinda alikuwa anasema. Alikuwa anasema neno, na hakukuwa na midomo ya kusoma, kulikuwa na bendeji tu. Alimtazama, akamtazama, kisha akafanya kitu pekee alichokijua duniani: akainama, akaliweka taya lake taratibu juu ya taya lile lililofungwa, akabana meno, akangoja. Mtetemo ukaja. Ulimfika mfupani, dhaifu, unakatika na kurudi. Alijua kwamba anazungumza. Alichokuwa anakisema hakukipata.

Akainua kichwa. Wifi alikuwa ameingia nyuma yake, amesimama upande wa pili wa kitanda.

"Anasemaje?"

Wifi akasikiliza mpaka mwisho. "Anauliza, kile cha mwisho ulikigonga?"

Bi Kengele alifumba macho. Alipoyafumbua aliongea kwa ile sauti yake kubwa, wodi nzima ikageuka, wauguzi, wagonjwa, na msimamizi aliyekuwa amesimama mlangoni na shati lake jipya lenye vitundu vya moto.

"Nilikigonga, mdogo wangu. Nilikigonga, sikusikia kitu. Mimi sisikii. Sisikii siku nyingi."

Kitambaa kikacheza tena, kwa muda mfupi, kisha kikatulia. Wifi aliinama akasikiliza. Alisikia, hilo lilionekana usoni. Bi Kengele akamwinulia uso, akangoja, macho kwenye midomo yake.

Wifi akanyooka, mkono mmoja kiunoni kwa uzito wa mimba, akaenda dirishani akasimama, amempa mgongo. Kama alilisema lile neno, alilisema akiwa amegeukia nje. Kitinda alifariki kesho yake kabla ya mchana. Mtoto alipozaliwa walimleta chumba cha mbele aonwe, na Bi Kengele akamshika, akamwona analia. Mpaka leo bado wanaishi wote nyumba ile, na neno lile hajaambiwa.